Mwokoaji wa Kwanza ni Jirani

Maneno yaliyosemwa huko Mbotela, Nairobi, mbele ya wakazi wa mtaa na vijana wa vikosi vya uokoaji



Nimeombwa niseme nanyi juu ya mambo yawapasayo watu waendao kuwasaidia wenzao wakati wa maafa. Kazi hiyo ni njema, wala hapana haja ya kuisifu mbele yenu. Lakini kazi njema ikifanywa bila maarifa yaweza kuuongeza msiba badala ya kuupunguza. Kwa hiyo leo sitasema habari za ushujaa. Nitasema habari za maarifa, na mengi ya maarifa hayo tumeyapata kwa gharama kubwa katika mji huu wetu wa Nairobi na katika nchi jirani.

Jambo ninalotaka mlishike ni moja. Kikosi cha uokoaji hakiwi cha kwanza kufika. Kabla gari la zimamoto halijatoka kituoni, na kabla Msalaba Mwekundu hawajapata simu, mtu mwingine amekwisha kuanza kazi, naye ni jirani. Yeye ndiye aliyesikia kelele, ndiye aliyevunja mlango, ndiye aliyembeba mtoto mgongoni. Kikosi kinapofika chakuta kazi imeanza. Basi swali ni hili: je, kitaungana na jirani yule, au kitamsukuma kando kama mtu wa kuzuia njia? Katika jibu la swali hilo mna maisha ya watu wengi.

Tukumbuke siku ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti, mwaka wa 1998. Bomu lilipolipuliwa penye ubalozi wa Marekani, pale Barabara ya Moi ikutanapo na Barabara ya Haile Selassie, watu zaidi ya 200 walikufa na maelfu wakajeruhiwa. Jumba la Ufundi lililokuwa ubavuni liliporomoka. Baadaye wataalamu walikuja kutoka Israeli na nchi nyingine pamoja na mbwa na vyombo vyao, nao walifanya kazi kubwa. Lakini katika saa zile za kwanza, waliochakura kifusi kwa mikono mitupu walikuwa wapita njia, makarani, wachuuzi na askari waliokuwa karibu. Majeruhi wengi walipelekwa hospitali kwa matatu na kwa motokaa za watu ambao hata majina yao hayakuandikwa popote.

Tena tazameni habari ya Bukoba, nchini Tanzania. Tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ya shirika la Precision Air ilitumbukia katika Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja wa ndege. Ndani yake mlikuwa na watu 43. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 waliokoka, na 19 walikufa. Wavuvi wale hawakuwa na mavazi ya kuzamia wala mitungi ya hewa. Walikuwa na makasia, kamba, na ujuzi wa maji yao.

Hata hivyo sitaki kuwadanganya. Moyo mwema wa jirani hautoshi. Katika ziwa lile lile, tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza ikiwa imejaa watu. Ilielea muda ikiwa imeinua tumbo lake juu, na mlikuwa na watu hai ndani yake. Ikaonekana ni shauri jema kutoboa bamba la chini ili watu watolewe. Lakini hewa iliyokuwa imefungwa ndani ndiyo iliyokuwa ikiishikilia meli isizame. Tundu lilipotobolewa hewa ikatoka, na meli ikazama. Waliofanya hivyo walitaka kuokoa. Mkono wenye huruma usio na ujuzi ulifanya lile lililokuwa likiogopwa.

Na hapa karibu nanyi, ng'ambo ya reli, mnajua habari ya Sinai. Siku ya Jumatatu, tarehe 12 Septemba, 2011, petroli ilivuja kutoka kwenye mitambo ya bomba la mafuta, ikaingia katika mfereji upitao kati ya nyumba za Mukuru. Watu walikuja na ndoo na madebe kuchota. Moto ukawaka, na watu wapatao 100 walikufa, wengine wengi wakaungua vibaya. Wako waliosema ya kwamba watu wale walikuwa wajinga. Mimi sisemi hivyo. Miaka miwili na miezi saba kabla ya siku ile, tarehe 31 Januari, 2009, huko Sachangwan karibu na Molo, lori la mafuta lilipinduka, watu wakachota, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Kenya nzima ilisikia habari hiyo. Watu wa Sinai nao waliisikia. Kwa mtu anayelala bila kujua chakula cha kesho, debe la petroli ni kodi ya nyumba, na hatari aliyoisikia kwa mbali haina nguvu kuliko shida iliyo mlangoni pake.

Basi, ikiwa jirani ndiye wa kwanza, naye jirani aweza kuokoa au kuangamia, ni wajibu wa kikosi kumfanya awe mshirika wake. Nitataja mambo matano.

Jambo la kwanza: uliza kabla ya kuamuru.

Usiku wa tarehe 29 Aprili, 2016, mvua kubwa ikinyesha, nyumba ya ghorofa iliporomoka huko Huruma. Watu wapatao 50 walikufa. Lakini mtoto mchanga alitolewa akiwa hai baada ya saa kama 80, na siku ya sita wakatolewa watu wazima wanne, nao wangali hai. Hebu fikirini: siku ya sita! Lau waokoaji wangalikata tamaa siku ya tatu na kuleta tingatinga kusomba kifusi, watu wanne wale wangalihesabiwa pamoja na wafu.

Katika kazi ya namna hii swali la kwanza ni, “Nani walikuwamo, na walikuwa upande gani?” Hakuna chombo cha kujibu swali hilo kushinda kinywa cha mwenyeji. Mtunza nyumba anajua hesabu ya vyumba. Lakini jirani wa mlango wa pili ndiye ajuaye ya kwamba mama mzazi alifika jana kutoka Kisumu akalala chumba cha nyuma, na ya kwamba baba wa nyumba ile hufanya kazi ya usiku kiwandani, kwa hiyo hayumo. Siri ya mtungi aijuaye kata. Kiongozi wa kikosi akishuka garini, na awatafute watu wawili au watatu wa namna hiyo, awaweke karibu naye, na majibu yao yaandikwe.

Akiisha kuuliza, na awagawie wenyeji kazi. Wenye nguvu wapange mstari wa kupokezana ndoo za kifusi. Wengine washike kamba ya kuwazuia watazamaji. Wengine wahakikishe ya kwamba umeme wa nyumba umekatwa na mitungi ya gesi imefungwa. Na kila baada ya muda filimbi ipigwe, wote wanyamaze kabisa, ili sauti ya aliye chini isikike. Kunyamaza huko ni kazi ngumu kwa umati wenye uchungu. Wataweza kunyamaza ikiwa wameelezwa sababu, na ikiwa mtu anayewaomba ni mtu wanayemjua.

Jambo la pili: amri iwe moja.

Wahenga walisema, manahodha wengi, chombo huenda mrama. Tarehe 21 Septemba, 2013, katika jengo la maduka la Westgate, watu 67 waliuawa na magaidi. Siku ile polisi na askari wa jeshi waliingia bila ya kuwa chini ya amri moja, na machafuko hayo yalileta hasara na kuchelewesha kazi. Miaka mitano baadaye, tarehe 15 Januari, 2019, magaidi walishambulia mahali paitwapo 14 Riverside, penye hoteli ya DusitD2. Watu 21 waliuawa, nao ni wengi. Lakini safari hii kazi ya vikosi iliongozwa vizuri zaidi, na mamia ya watu walitolewa salama.

Funzo hilo si la askari tu. Moto ukizuka Mbotela usiku, watakuja wazimamoto, Msalaba Mwekundu, polisi, wanafunzi wa huduma ya kwanza, na watu wa kanisa na msikiti. Kila kundi lina mkubwa wake. Ni lazima mmoja awe mkubwa wa wakubwa, naye avae vazi linaloonekana kwa mbali, asimame mahali pamoja, wala asijiingize katika kubeba machela. Kiongozi akishika machela amekwisha kuacha uongozi. Na ubavuni pake awepo mtu mmoja wa mtaa, aliyechaguliwa na wakazi wenyewe kabla ya siku ya shida, ambaye maneno yake yatasikilizwa na watu.

Nasisitiza maneno haya, “ambaye maneno yake yatasikilizwa.” Pale petroli inapomwagika, filimbi ya askari mgeni haitoshi kuwaondoa watu. Sauti ya mama auzaye mboga, ambaye kila mtu amekwisha kukopa kwake, yaweza kushinda filimbi kumi. Na mama huyo afundishwe mapema ya kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hufuata mitaro, na waweza kukutana na jiko la makaa lililo mbali, kisha moto ukarudi mbio mpaka kwa wachotaji. Mtu akieleweshwa jambo hili na mtu wake, haoni ya kwamba ananyimwa riziki. Aona ya kwamba anaokolewa.

Jambo la tatu: majeruhi wagawanywe, na majina yaandikwe.

Mwaka wa 1998 majeruhi wengi mno walikimbizwa Hospitali ya Kenyatta, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa katika fikira za kila dereva. Waganga walifanya kazi mchana na usiku. Lakini hospitali moja ikijazwa kupita kiasi, aliye karibu kufa hungoja nyuma ya aliyekatwa kidole. Kwa hiyo pawe na mtu wa kuwatazama majeruhi kabla hawajapakiwa garini, na kusema, “Huyu atangulie, huyu aweza kungoja, huyu aende hospitali ile nyingine.” Wala msidanganywe na kelele. Mtu anayelia kwa nguvu anapumua. Mtazameni kwanza yule aliyenyamaza.

Kwa mtu aliyeungua, jirani aweza kufanya jambo kubwa kabla ganga lolote halijaja: maji safi ya baridi yatiririke juu ya mahali palipoungua kwa dakika 20. Asipakwe mafuta, wala dawa ya meno, wala unga, wala asiwekewe barafu.

Na kila gari liondokapo, mtu mmoja mwenye kalamu aandike: nani amepakiwa, au ana alama gani ikiwa jina halijulikani, na anapelekwa wapi. Mama anayezunguka hospitali tano akimtafuta mwanawe anateseka mara mbili. Katika msiba wa Sinai maiti wengi hawakutambulika kwa macho, ikabidi wataalamu wapime chembe za mwili na kuzilinganisha na za jamaa zao. Daftari ndogo ya shilingi chache haiwezi kuondoa kifo, lakini yaweza kuondoa siku nyingi za kutangatanga.

Jambo la nne: semeni kweli, na mseme kwa saa maalumu.

Mahali pasipo na habari, uvumi huota kama magugu. Siku hizi uvumi hausubiri soko. Husafiri kwa simu ya mkononi kabla moto haujapoa. Kikosi kichague msemaji mmoja, naye aseme na jamaa za waliopatwa kwa saa zinazojulikana, tuseme asubuhi, adhuhuri na jioni. Aseme kwa Kiswahili ambacho kila mtu atakielewa. Akiwa na habari, azitoe. Asipokuwa nazo, aje vile vile kwa saa ile ile aseme kwamba hazijapatikana. Na jamaa waambiwe kwanza, kabla ya magazeti. Hapana jambo linalovunja moyo kama kusikia habari ya kifo cha ndugu yako redioni.

Jambo la tano: msaada usimtenge mdogo, wala usigeuke kuwa adhabu.

Kati ya Machi na Mei mwaka wa 2024, mvua kubwa zilileta mafuriko katika nchi yetu. Karibu watu 300 walikufa. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili maji yalifagia makao ya watu huko Mai Mahiu, na hapa Nairobi mito ilifurika katika Mathare, Mukuru na kwingineko. Serikali iliamuru watu waliokaa kando ya mito wahame. Ni kweli, kukaa ukingoni mwa mto uliofurika ni hatari, na onyo lile lilikuwa na sababu. Lakini katika mahali pengine nyumba zilibomolewa kabla wenyeji hawajajua watalala wapi usiku ule. Mama aliyeokoa godoro lake kutoka majini aliliona limelala chini ya mvua, bila paa.

Jambo hili ni kubwa kuliko godoro, nanyi waokoaji ni lazima mlielewe sana. Nimesema ya kwamba swali lenu la kwanza litakuwa, “Nani walikuwamo?” Je, mtu atakujibuni kweli ikiwa mara ya mwisho alipomwona mtu mwenye vazi rasmi, mtu huyo alikuja na tingatinga? Mpangaji aogopaye kufukuzwa hataonyesha chumba cha nyuma alichokipangisha kwa siri. Mgeni asiye na kitambulisho hatatoka mafichoni. Imani ya watu ni chombo cha uokoaji kama vile kamba na ngazi. Ikikatika siku ya mvua, haipatikani siku ya moto. Kwa hiyo, mkitumwa kuwahamisha watu, ulizeni kwanza mahali watakapopelekwa, na mwaambie.

Na mnapogawa mablanketi na unga, orodha itengenezwe hadharani. Mpangaji aandikwe kama mwenye nyumba. Wanawake wawemo miongoni mwa waandishi, maana wao ndio wajuao kila nyumba ina watoto wangapi. Mzee asiyeweza kusimama katika mstari apelekewe fungu lake. Mahali pa kulala pawe na taa, na vyoo vya wanawake viwe mbali na vya wanaume. Mtu aliyepotewa na kila kitu hajapotewa na heshima yake, wala msiwe ninyi wa kumnyang'anya.

Sasa naja kwenu, wakazi wa Mbotela. Mtaa huu ni mtoto wa miaka ya 1950. Tangu wakati huo watu wa Eastlands wameongezeka sana, na katika mitaa mingi vibanda vimejengwa kati ya nyumba za zamani, mahali palipoachwa wazi ili hewa na magari yapite. Sikuja kumlaumu mtu aliyejenga kibanda cha kumlisha mwanawe. Lakini nawaombeni mfanye hesabu moja. Chukueni kamba, mpime njia iingiayo katika safu yenu ya nyumba, kisha mwulize wazimamoto gari lao lahitaji nafasi gani. Ikiwa haliwezi kupita, shaurianeni wenyewe ni kitu gani kisogezwe, kabla moto haujawaamulia.

Fanyeni na mambo mengine manne. Kila safu iwe na orodha ya watu wasioweza kukimbia: wazee, wagonjwa, wenye ulemavu na watoto wachanga, na kando ya kila jina liandikwe jina la jirani atakayemtoa. Chagueni mahali pa kukutanikia, ili watu wahesabiwe. Chagueni mtu wenu wa kusimama ubavuni pa kiongozi wa kikosi, pamoja na naibu wake, maana maafa hayangoji mtu arudi safarini. Na nambari za kuitia msaada, yaani 999 au 112, na 1199 ya Msalaba Mwekundu, ziandikwe mahali ambapo hata mtoto ataziona.

Nanyi vijana wa vikosi, msingoje moshi ndipo mje Mbotela. Njooni siku ya amani, mtembee katika vichochoro, mjue maji yapatikana wapi, mnywe chai na wazee, mfanye zoezi moja pamoja na wakazi, kisha mkae chini mseme ni nini kilichoharibika katika zoezi hilo. Na maafa yakiisha, msiondoke siku ile kamera zinapoondoka. Rudini baada ya mwezi, mwulize aliyefiwa analalaje, na mtoto aliyetolewa kifusini kama amerudi shule.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kikosi cha uokoaji ni mgeni wa namna hiyo. Ataweza kumponya mwenyeji ikiwa wamejuana kabla ya usiku wa shida, na ikiwa mgeni huyo, afikapo mlangoni, yu tayari kusikiliza kwanza ndipo aseme. Anzeni kujuana leo, kabla hamjatawanyika hapa.